Msiba wa Watu Wawili

Habari ya kifo cha mama yake Msimamizi iliingia kwenye chumba cha kufulia pamoja na mashuka machafu ya asubuhi, na haikupewa heshima kubwa kuliko mashuka yenyewe. Aliyeileta ni Bibi Pasi, mwanamke mkubwa kuliko wote pale, aliyekuwa akisimama mbele ya mashine ya kunyooshea mashuka tangu mashine yenyewe ikiwa mpya. Alisema, "Mama yake amefariki jana. Msimamizi hatakuja wiki hii." Kisha akaingiza shuka jingine, likatokea upande wa pili limenyooka na kufuka mvuke.

Dobi aliweka chini mfuko wa taulo akangoja. Alijua kinachofuata. Popote alipopata kufanya kazi, mtu akifiwa, mmoja huuliza msiba uko wapi, mwingine huuliza tunaondokaje, na yule mvivu kuliko wote hujitolea kubaki kulinda ofisi. Basi akangoja mtu aulize. Mashine zikanguruma. Wanawake wa kukunja wakakunja. Bibi Pasi akatoa kadi yenye picha ya maua meupe, ikazunguka kila mtu akaandika jina lake, na Dobi alipoandika lake akadhani huo ndio mwanzo wa mipango. Kumbe ndio ulikuwa mwisho wa yote.

Jina lake halikuwa Dobi, tuelewane. Siku ya kwanza walipojaribu kulitamka jina lake la kweli lilivunjikavunjika midomoni mwao hadi mwenyewe akawaonea huruma. Wakamuuliza kwao alikuwa akifanya kazi gani, akawajibu kwa neno la kwao, na neno hilo likamganda. Kwao alikuwa na kibanda, pasi mbili na wateja wenye midomo. Hapa, kwenye hospitali kubwa ya nchi ya watu, alisukuma matoroli na kulisha mashine zenye tumbo kubwa kuliko kibanda chake chote. Hakulalamika. Alikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio, nayo ilikuwa inakaribia kwisha, na ikiisha Msimamizi angesema ndiyo au hapana. Akisema ndiyo, Dobi angepata mkataba, na mwenye mkataba huruhusiwa kumleta mke wake na mtoto wake. Akisema hapana, angefunga sanduku arudi alikotoka, akawaeleze waliomsindikiza kwa vigelegele kwamba mambo yamekwenda mrama. Riziki yake, ndoa yake, binti yake, vyote vilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo sasa amefiwa na mama.

Msimamizi alikuwa na mwili mkubwa na maneno machache. Alitembea kati ya mashine akipiga mluzi, na mluzi ukikatika ghafla ujue kuna aliyekosea. Hakuwahi kumfokea Dobi. Hata siku ile Dobi alipochanganya mashuka ya wodini na nguo za chumba cha upasuaji, kosa ambalo kwingine lingemtoa mtu mbio, Msimamizi alimwonyesha kwa kidole, akamwonyesha tena inavyofanywa, akaenda zake na mluzi wake. Kwa mtu aliye ugenini hilo si jambo dogo.

Jioni ile chumba kilimshinda. Kilikuwa ghorofa ya juu, kina kitanda, meza, kiti kimoja cha kukunja na dirisha linalotazamana na dirisha la mtu mwingine. Tangu ahamie hakuwahi kutulia humo. Kitanda kilikuwa kimeshalala kila upande wa chumba, na kila upande aliuona una kasoro. Alikuwa na tabia ya kushuka ngazi zote kwenda kutazama kama mlango wa chini umefungwa, ilhali unajifunga wenyewe, ili tu njiani akutane na mtu amsalimie. Watu walimjibu neno moja, wakaendelea kupanda. Jioni ile alishuka na kupanda hadi magoti yakamwuma, ndipo akampigia mke wake.

"Sasa wenzako wanakwenda lini?" mke aliuliza baada ya kusikia habari.

"Hawaendi."

"Hawaendi kivipi?"

"Wameandika kadi."

"Kadi ya nini?"

"Ya kumpa pole."

"Ina maana pole yenyewe inaandikwa? Makubwa!" Akashangaa, akaguna, akamwita jirani na kumsimulia hapohapo, jirani naye akaguna. Kisha sauti ikabadilika, maana mwanamke huyu alikuwa mwepesi wa kushangaa na mwepesi zaidi wa kupiga hesabu zake. "Basi baba, na wewe usiende."

"Nisiende?"

"Kama wenyeji hawaendi, wewe mgeni utaendaje? Watasema unajipendekeza kwa bosi upate mkataba. Au yeye mwenyewe akasirike. Mtoto ameshaanza kuaga wenzake shuleni, kila siku anaaga, mwalimu amechoka. Usije ukatuponza."

"Mtu amefiwa na mama, na mimi nakaa tu. Nitajionaje?"

"Hilo la kujiona liache mpaka nije, tutajiona wote."

Dobi akasema sawa. Alisema kwa mdomo tu, miguu haikukubali. Siku zilizofuata alisukuma matoroli kana kwamba anafukuzwa, akadondosha mifuko, akarudia kazi aliyokwisha kuifanya. Neno la kujipendekeza lilikuwa limemkaa kooni. Alijihoji kweli: je, angekwenda kama huyu asingekuwa bosi? Akajijibu kwamba kwao aliwahi kukaa kwenye msiba wa mteja aliyemtukana mbele ya watu kwa ajili ya suruali iliyoungua, na akabeba maji siku nzima. Basi angekwenda. Ijumaa, wakati wa kuvua aproni, alimfuata Bibi Pasi.

"Msimamizi anakaa wapi?"

"Kwa nini?"

"Nataka kwenda kumpa pole."

"Si umeandika kwenye kadi?"

"Nataka kwenda kukaa naye."

"Kukaa naye ufanye nini?"

Dobi alikunja aproni yake. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali kama hilo. "Kukaa tu," akasema.

Bibi Pasi alimtazama kama shuka lenye doa ambalo limepita mashine mara ya pili na bado lipo. Mwisho akamweleza: jengo lililo nyuma ya kituo kikuu cha basi, ghorofa ya chini, mlango wa kijani. "Alikuwa anakaa na mama yake tu. Akikufukuza, mimi sikukutuma."

Jumamosi Dobi alipiga pasi shati lake jeupe, akatia leso safi mfukoni, akasimama katikati ya chumba akijiuliza anakwenda na nini. Mtu hafiki msibani mikono mitupu. Sufuria kubwa hakuwa nayo, na ya kwake ilitosha yai moja. Akafikiri kitu gani hupungua kwenye kila msiba alioujua, hadi vijana hutumwa nyumba kwa nyumba kukiazima. Viti! Yeye alikuwa na kimoja tu. Akakikunja, akakitia kwapani, akatoka.

Kwenye basi dereva alimtazama Dobi, akatazama kiti, kisha akageuka kutazama viti vyake mwenyewe ambavyo karibu vyote vilikuwa vitupu. Dobi naye akasimama njia nzima na kiti chake.

Aliposhuka hakuulizia. Nyumba ya msiba hujulikana, alijiambia, nitafuata watu. Watu hawakuwapo. Alizunguka lile jengo, hakuona kundi lolote, hakusikia sauti, hakukuta hata viatu mlangoni, na kama mlango usingekuwa wa kijani angeapa amepotea. Alibisha. Alimfikiria mke wake, akamfikiria binti yake akiaga watu shuleni, akatamani kukimbia. Mlango ukafunguka.

Msimamizi alikuwa amevaa fulana na ndara, ndevu hazijanyolewa. Alimtazama Dobi akashtuka. "Mashine imeharibika?"

"Hapana."

"Kuna mtu ameumia?"

"Hapana, mzee. Nimekuja kukupa pole."

"Kadi niliipata. Asante." Mkono wake ulikuwa bado umeshika mlango. Macho yakashuka. "Na hicho ni nini?"

"Kiti."

"Naona ni kiti. Cha nini?"

"Nilidhani havitatosha."

Msimamizi aligeuka akatazama nyumba yake. Palikuwa na meza iliyozungukwa na viti, sofa mbili, kigoda, na kiti cha kubembea kilichofunikwa kitambaa cha kufuma. Viti vilijaa tele, watu hakuna. Akacheka kidogo, kwa pua, akasogea kumpisha.

Dobi alikifungua kiti chake karibu na mlango, wanapokaa waliochelewa kufika, akakaa. "Pole sana," akasema. Baada ya hapo hakusema kitu, kwa sababu hapakuwa na haja. Ajabu ni kwamba alitulia. Miguu yake, ambayo tangu ashuke kwenye ndege haikujua kukaa mahali pamoja, ilitulia sakafuni. Kwa mara ya kwanza katika nchi ile alikuwa anafanya jambo analolijua.

Mwenye nyumba ndiye hakutulia. Aliwasha televisheni, akaizima. Aliuliza habari za mashine ile inayovuja. Aliuliza kama Dobi atakunywa chai, akaenda jikoni, akarudi bila chai, akauliza tena kama atakunywa chai. Aliuliza kama kuna jambo Dobi anataka kuomba, kuhusu mkataba labda, na Dobi akaona aibu hadi masikio yakamwaka. "Hapana," alisema, "leo si siku ya kazi." Msimamizi akakaa kwenye sofa, mikono katikati ya magoti.

"Aliugua?" Dobi akauliza.

Kwao kila anayefika huuliza hivyo. Mfiwa husimulia, akifika mwingine husimulia tena, anasimulia hadi jioni, na kila anaposimulia maneno hupungua ukali kidogo. Ya Msimamizi yalikuwa hayajatoka hata mara moja.

"Aliugua muda mrefu," alisema. "Mwisho walimlaza palepale kwetu. Wodi ya juu, ile ya mashuka yenye mstari wa bluu." Akaanza upya. "Siku ile mashuka ya bluu yaliposhuka, niliyapokea mimi. Mimi mwenyewe nikayatia kwenye mashine. Baadaye ndipo wakanipigia simu kutoka juu." Alisugua magoti yake. "Wodi ile ina vitanda vingi. Huenda la kwake halikuwemo. Lakini niliyatia mimi, na nilikuwa napiga mluzi."

Ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, bila kujificha, mabega makubwa yakitikisika, kamasi na machozi vikichanganyika. Dobi akasogeza kiti chake, akamshika mkono, akampa ile leso, na alipoona haishiki barabara akamfuta yeye mwenyewe usoni. "Pole," akawa anasema, "pole, pole." Hakuona haya yoyote. Alimwonea huruma sana, na ndani ya huruma hiyo alisikia furaha, akaikaripia ikae kimya.

Kilio kilipopungua, Dobi aliinuka kutafuta la kufanya. Aliosha vikombe. Alifagia. Pembeni aliona mifuko mikubwa ya plastiki iliyosokomezwa nguo za marehemu, gauni juu ya gauni kama matambara, na mkono wa dobi haukuvumilia. Alizitoa akaanza kuzikunja moja moja juu ya meza, kola juu, mikono ndani. Msimamizi alimtazama, mwanzoni akimweleza hili mama alilivaa lini na lile alinunuliwa na nani. Kisha akanyamaza. Dobi alipoinua kichwa alikuta uso umebadilika, ni uso wa kazini, ule wa mluzi unapokatika.

"Acha," Msimamizi alisema. "Acha hizo nguo."

"Nilitaka tu..."

"Asante kwa kuja. Sasa nenda nyumbani."

Alimshikia mlango. Dobi akakunja kiti chake akatoka, na nyuma yake akasikia ufunguo ukizungushwa.

Jumatatu Msimamizi alirudi kazini, amenyoa, amevaa koti lake la kazi, na hakupiga mluzi. Alipita kati ya mashine kimya, na kila alipofika karibu na Dobi akakumbuka jambo upande wa pili wa chumba. Maagizo ya Dobi yakawa yanapitia kwa Bibi Pasi. "Mwambie Dobi atoe matoroli," angesema, na Dobi amesimama hapohapo, anasikia kila neno. Bibi Pasi naye, bila kucheka, angegeuka na kusema, "Dobi, toa matoroli."

"Hapa mtu akifiwa tunamwachia nafasi," alimwambia baadaye, wakati wa chai. "Ningekukataza."

"Mbona hukunikataza?"

"Nilidhani ungefika mlangoni ukarudi."

Jioni zikawa ndefu. Dobi alikihamisha kitanda, akakirudisha, akatoa sanduku uvunguni akalitazama, akalisukuma tena. Alimweleza mke wake yote, kwa kuwa kumficha ni kazi ya ziada.

"Nilikukataza au sikukukataza?"

"Ulinikataza."

"Ukaenda ukamkunjia mtu nguo za mama yake, nyumbani kwake!"

"Zilikuwa zimesokomezwa."

"Zingesokomezwa tu, wewe zinakuhusu nini?" Alifoka hadi pumzi ikamwishia. Halafu akauliza, kwa sauti nyingine, "Alilia?"

"Alilia sana."

"Basi ulifanya vizuri," akasema. "Lakini umetuponza."

Siku ya mwisho ya majaribio, Dobi aliitwa kwenye chumba cha vioo cha Msimamizi, kilicho pembeni mwa mashine. Alijikaza kisabuni, akaingia. Kupitia kioo aliwaona Bibi Pasi na wenzake wakijifanya hawatazami. Msimamizi alikuwa amesimama, amempa mgongo.

"Kazi yako ni nzuri," alisema. "Nimeshasema ndiyo. Mkataba utaupata. Unaweza kuwaita watu wako."

Dobi alifungua mdomo kushukuru, Msimamizi akamwahi.

"Lakini hutafanya kazi hapa. Wanahitaji mtu kwenye tawi letu la ng'ambo ya mji, zamu ya alfajiri. Utaanza Jumatatu. Msimamizi wa kule ni mtu mwema."

"Mzee, nimekosa nini?"

"Hujakosa."

"Kama ni zile nguo, naomba radhi. Sikujua."

Msimamizi akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile yakamtazama Dobi sawasawa. "Kila nikikuona naisikia sauti yangu ikilia. Nikitaka kukwambia sukuma hiki, beba kile, maneno hayatoki. Nakuamuruje mtu aliyenifuta kamasi?"

"Kwetu aliyekaa na wewe msibani ndiye anayekuwa ndugu yako."

"Nimeona hivyo," Msimamizi alisema. "Ndiyo maana. Mimi ndugu simpangii zamu."

Dobi alijikuna kichwa. Furaha na huzuni vilimjia pamoja vikamchanganya. "Basi nije nikusalimie nyumbani. Siku mojamoja tu. Sitakaa sana."

Msimamizi alifikiri kweli, hilo Dobi aliliona. "Hapana," akasema bila ukali. "Naomba usije tena." Kisha akampa mkono, akaushika muda mrefu kuliko ilivyo desturi ya pale, na nje ya kioo mashine ya Bibi Pasi ikawa inazunguka bila shuka.

Jioni mke alipopokea simu, Dobi alisema neno moja tu, nimethibitishwa, na vigelegele vikapasua sikio lake. Majirani wakaingia. Binti alinyakua simu akauliza kama huko kuna shule, na kama ataruhusiwa kwenda na begi lake la zamani, akanyang'anywa simu. Dobi alikuwa anacheka na kutembea, dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani.

"Mume wangu," mke alisema kelele zilipopungua, "nilisema umetuponza. Nisamehe. Kumbe yule mtu ana utu, aliuona moyo wako."

"Ana utu sana."

"Sasa nisikilize. Nikifika, kabla hata sijafungua sanduku, unipeleke kwake. Mwanamume amefiwa, yuko peke yake kwenye nyumba, nani anamwangalia? Wewe ulikwenda, mimi mkeo nisipokwenda atanionaje? Nitapika, nitamchukua na mtoto, tutakaa naye siku nzima. Utanipeleka?"

Dobi alisimama. Dirisha la ng'ambo lilikuwa limewashwa taa, na hakukuwa na mtu ndani yake.

"Unanisikia? Utanipeleka?"

"Nitakupeleka," alisema.

"Ni mbali na hapo kwako?"

"Si mbali," Dobi akamwambia. "Ni basi moja tu."